Vyombo vya Nyumba: Nani Anunue, Nani Achague?



Darsa ya toleo hili nilipangiwa kuandika kuhusu nguzo za ndoa. Nguzo hizo kila mmoja wetu amezihifadhi tangu madrasa: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuoza na kukubali. Nimemwomba mhariri aniruhusu nibadilishe, kwa sababu mwaka huu mimi mwenyewe nimeoa, na nimeona kwamba nguzo zote tano zikishatimia linabaki jambo ambalo hatukufundishwa darasani, nalo lilikaribia kutuvunjia ndoa kabla hatujaanza kuishi pamoja. Jambo lenyewe ni kitanda.

Akdi yetu ilifungwa mwezi wa Shawwal, katika msikiti mmoja ndani ya Dzaleka. Kama ilivyo desturi kwetu, mke wangu alibaki kwao mpaka nyumba ipate vyombo. Nyumba ni chumba na sebule, matofali ya udongo na bati juu, imepakana ukuta na ya baba mdogo. Mimi nasoma Lilongwe, narudi kambini mwisho wa wiki kila nipatapo nauli, kwa hiyo nilitaka shughuli hii iishe haraka. Usiku mmoja nikapiga hesabu peke yangu: godoro la futi nne, mkeka mmoja, viti viwili vya plastiki, ndoo, sufuria tatu na jiko la mkaa. Nikamtumia mke wangu orodha hiyo kwa simu, na chini yake nikaongeza kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) alipoingia kwa Mtume (s.a.w.) akamkuta amelala juu ya mkeka ambao umemwachia alama ubavuni, akalia. Nilidhani nimemaliza.

Jibu lilikuja neno moja tu: "Ustadh." Mke wangu huniita hivyo akiwa amekasirika.

Jumamosi nikaenda kwao. Alikuwa anachambua maharage uani pamoja na shangazi yake. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mimi nimezaliwa hapa Dzaleka. Tangu nipate akili naambiwa mwakani tunaondoka. Mama hakununua kabati kwa sababu tunaondoka. Dada zangu wawili wameolewa na wamezaa, na nguo zetu bado ziko kwenye mifuko. Ukitaka tuishi duniani kama wasafiri, sawa, Mtume ametufundisha hivyo. Lakini msafiri naye akifika hutandikiwa."

Nami nilikuwa na hoja yangu, wala haikuwa ya ubahili. Wasomaji wasioijua Dzaleka wafahamu kwamba kambi hii iko wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lilongwe, na imepokea wakimbizi tangu 1994. Ilipangwa kwa watu wapatao elfu kumi au zaidi kidogo. Sasa tumepita elfu hamsini, wengi wetu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kabla ya hapo palikuwa gereza la wakati wa Kamuzu Banda, na jina lenyewe Wachewa hulifasiri kuwa ni maneno ya mtu anayeapa kwamba hatarudia tena. Mahali penye jina kama hilo, nani anunue sofa?

Isitoshe, nilikuwa nimeyaona ya baba mdogo. Alikaa Lilongwe miaka mingi, akifanya biashara, na sebule yake ilikuwa na seti kamili ya makochi ya kitambaa chekundu ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa kuyakalia tukiwa na miguu michafu. Mwaka 2023 serikali ikaamuru wakimbizi wanaoishi mijini warejee Dzaleka, na mwezi wa Mei shughuli ya kuwaondoa Lilongwe ikaanza. Baba mdogo aliyauza makochi yale kwa jirani, kwa bei ya gunia la mahindi. Alikuja kambini na mabegi matatu na televisheni iliyofungwa kwenye blanketi. Tangu siku hiyo kila nikiona kochi najiuliza litaingia begi gani.

Haya yote nilimweleza, na hapo kila mmoja wetu alikuwa na haki kwa upande wake. Kisha nikafanya kosa. Nikasema, "Kama lazima kiwe kitanda cha mbao ngumu, basi si una mahari yako?"

Shangazi akaacha kuchambua maharage. "Mkwe," akasema, "ile mahari ulimpa au ulimkopesha?"

Nilirudi chuoni na swali hilo. Ninayoyaandika hapa chini ndiyo niliyoyapata nilipokwenda kuyatafuta, baadhi kwa mwalimu wetu wa fiqhi na baadhi vitabuni. Ningeyajua kabla ya Jumamosi ile, ningenyamaza.

Wajibu wa kununua

Sisi Waislamu wa pwani na bara ya Afrika Mashariki, na wenzetu wa Malawi hapa, wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafi. Katika madhehebu hayo, vyombo vya nyumba ni sehemu ya matunzo, na matunzo ni juu ya mume. Imam Nawawi katika Minhaj anavitaja kwa majina: kitu cha kukalia, kiwe busati au mkeka, tandiko la kulalia kwa kauli iliyo sahihi zaidi, mto, shuka zito la wakati wa baridi, na vyombo vya kulia, kunywea na kupikia. Wafafanuzi waliomfuata wamevipanga kwa hali ya mume, kwamba mwenye uwezo hutoa zuri zaidi na masikini hutoa mkeka, wakiegemea aya ya saba ya Suratut Talaq inayomtaka kila mmoja atoe kwa kadiri alivyojaaliwa.

Kwa hiyo katika orodha yangu mkeka ulikuwa halali kabisa kwa mtu wa hali yangu, na godoro halikuwa hisani bali ni deni. Ama kitanda chenyewe, yaani miti na chaga zake, hapo inaingia kanuni ya kwamba ada huhukumu. Katika kambi yetu, binti akiolewa huulizwa kitanda. Hata masikini hutafuta kitanda, angalau cha paini. Basi ada ilikuwa upande wake.

Tena kuna jambo lililonishangaza. Vitu ambavyo manufaa yake hudumu, kama mavazi na vyombo vya chakula, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba mume akishampa mke wake kwa wajibu huo vinakuwa milki ya mke, si vya kuazimwa. Sufuria zile tatu nilizokuwa nikiziita "sufuria zangu" si zangu. Nilimwambia hili mke wangu baadaye. Akacheka, na tangu siku hiyo nikitaka kuchemsha maji naomba ruhusa.

Mahari je? Aya ya nne ya Suratun Nisaa inaamuru wanawake wapewe mahari yao iwe ni kipawa, na inaruhusu mume kula kile tu ambacho mke amekiachia kwa moyo mkunjufu. Wako wanazuoni wa Kimaliki wanaosema kwamba mke aliyepokea mahari yake taslimu kabla ya kuingia nyumbani huandaa vyombo kutokana nayo kwa kadiri ya ada. Mwenye kutoka Afrika Magharibi au Maghrib atakuwa ameiona desturi hiyo, na si makosa. Lakini katika madhehebu yetu mke halazimiki kununua hata kijiko. Nilichokifanya pale uani ni kuchukua hukumu ya Kimaliki pale iliponifaa na mkeka wa Kishafi pale uliponifaa. Mwalimu aliniambia hiyo ni fiqhi ya mfuko.

Wengi hapa hutaja kisa cha Sayyidna Ali na Bibi Fatma (r.a.). Ali hakuwa na kitu isipokuwa deraya yake, nayo ndiyo aliyoitoa mahari. Fatma akaingia nyumbani na tandiko la manyoya, kiriba cha maji na mto uliojazwa majani ya idhkhir. Kisa hiki husomwa harusini ili mabwana harusi wapumue, nami nilikuwa nimekihifadhi kwa ajili hiyo hiyo. Ila tukisome vizuri: Ali alitoa chombo cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo, deraya ya mpiganaji, wakati vita vya kupigana vilikuwa vingi. Hakutoa kile ambacho hakimuumi.

Kisa cha Jabir

Sasa nifike kwenye Hadithi iliyonifanya niombe nafasi hii. Mwalimu alinituma niisome katika Sahihi ya Bukhari. Imo mahali pawili: katika milango ya alama za utume na katika kitabu cha ndoa. Muslim pia ameipokea.

Jabir bin Abdillah (r.a.) alikuwa kijana wa Kiansari. Baba yake aliuawa shahidi Uhud, akamwachia madeni na madada wa kuwalea. Akaoa mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, na Mtume (s.a.w.) alipomuuliza mbona hakuoa mwanamwali, alieleza kwamba alitaka mtu mzima atakayewaangalia madada zake. Huyu ndiye bwana harusi wetu: kijana, yatima, mdaiwa, nyumba imejaa wanaomtegemea. Nawajua wengi wa namna hiyo katika kambi yetu.

Alipooa, Mtume (s.a.w.) alimuuliza kama wanazo anmat. Anmat ni matandiko mazuri yenye manyoya, ya kutandika juu ya kitanda au kutundika. Jabir akashangaa: watu kama wao wazipate wapi? Mtume akamwambia kwamba zitakuja kuwa nazo. Miaka ikapita, dunia ikafunguka, na nyumbani kwa Jabir zikaingia anmat. Zililetwa na mke. Jabir hakuzipenda, akawa anamwambia mkewe aziondoe mbele yake. Mke akamjibu kwa kumkumbusha: si Mtume mwenyewe alikwambia kwamba mtakuwa nazo? Jabir anasema, basi nikaziacha.

Hadithi imeishia hapo. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi za maktaba, nikarudia mara tatu. Mume hataki, mke anataka, na wote wawili wanamcha Mungu. Mke hakumwita bahili. Jabir naye hakusema kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Mke alileta hoja, hoja ilikuwa na asili, na mume akaacha alichokuwa anakitaka. Wala hakutuambia kwamba tangu siku hiyo alizipenda. Nadhani aliendelea kutozipenda, na zikakaa.

Ni haki niseme kwamba wapo wanazuoni waliotanabahisha kuwa Mtume kutabiri jambo si sawa na kuliamrisha, kwa hiyo hoja ya mke haimlazimishi mtu kununua mapambo. Ni kweli. Na ni Jabir huyu huyu aliyetupokelea Hadithi iliyo katika Sahihi Muslim kuhusu matandiko: moja la mume, la pili la mke, la tatu la mgeni, na la nne ni la shetani. Imam Nawawi anaifafanua kwamba makusudio ni kile kinachozidi haja, cha fahari na majivuno. Hakukataza idadi kwa ajili ya idadi. Mtu aliyeibeba Hadithi hiyo kifuani ndiye aliyekuwa akitazama anmat za mke wake kila jioni. Alikuwa na dalili mkononi, hakuigeuza rungu. Mimi nilikuwa nimetuma kisa cha Umar kwa simu, usiku, bila hata salamu.

Kuna mahali ambapo kushauriana hakuna nafasi, nako ni kwenye haramu. Bibi Aisha (r.a.) alitundika pazia lenye picha za viumbe, Mtume (s.a.w.) aliporudi akaliondoa kwa kulichana. Aisha akakata kitambaa kile akatengeneza mto au mito miwili, na Mtume akawa anaiegemea. Kutokana na Hadithi hizi baadhi ya wanazuoni, akiwemo Nawawi, wametofautisha kati ya picha iliyotundikwa kwa kutukuzwa na iliyo kwenye kitu kinachokanyagwa au kulaliwa. Nawaandikia wale wenye mablanketi mazito yenye uso wa chui, ambayo sijui nani aliamuru kila bibi harusi apewe: lilalie, usilitundike ukutani.

Siku nyepesi na siku nzito

Aya ya themanini ya Suratun Nahl niliikuta nikitafuta kitu kingine. Allah (s.w.) anahesabu humo neema za makazi. Anaanza na nyumba, akaziita mahali pa utulivu. Kisha anataja mahema ya ngozi ambayo watu huyaona mepesi siku ya kusafiri kwao na siku ya kutua kwao. Kisha sufi na manyoya, yanayotengenezwa vyombo vya nyumba na vitu vya kujistarehesha kwa muda.

Neno lililotumika kwa vyombo ni athath, ndilo hilo hilo Waarabu wanaloziitia samani hadi leo. Nilimpelekea mke wangu aya hii, safari hii kwa salamu na bila maelezo. Alinipigia simu. Akasema, "Umeona? Wasafiri nao wametajwa na vyombo vyao." Nikamwambia, nami nimeona neno wepesi. Akasema, "Siku ya kusafiri na siku ya kutua. Wewe unaiona siku moja tu." Nikamwambia, nawe unaiona ile nyingine tu. Tukanyamaza kidogo, halafu akasema niwaombee kibali, yeye na shangazi, waje Lilongwe tukatazame pamoja.

Hiyo ndiyo shura ninayoifahamu mimi. Qur'ani katika Suratul Baqara, aya ya 233, imeweka kuridhiana na kushauriana kati ya baba na mama hata katika kumwachisha mtoto ziwa, jambo ambalo wengi wetu tungesema ni la mama peke yake. Kama ziwa lina mashauriano, kitanda je?

Lilongwe

Tulianzia maduka makubwa ya Area 2. Vitanda vya huko vinang'aa, vimetoka nje, na bei imeandikwa kwenye karatasi. Mke wangu alipenda kimoja cheupe. Shangazi akainama, akapapasa chini, akakuta ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, juu umebandikwa karatasi yenye michoro ya mbao. "Hiki kikipata tone la mvua ya Februari kwenye bati lenu," akasema, "kitavimba kama andazi."

Muuzaji alitwambia tunaweza kulipa kidogo kidogo kwa miezi sita. Jambo hili wenzangu huniuliza sana, basi nilieleze. Kuuza kwa mkopo kwa bei iliyo juu kuliko ya taslimu, wanazuoni wengi wameruhusu, kwa sharti muafikiane bei moja kabla ya kuachana na ijulikane. Tatizo lilikuwa kwenye karatasi ya mkataba, mstari wa chini: ukichelewa mwezi, deni linaongezeka. Nyongeza juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ndiyo riba yenyewe iliyoshukiwa na Qur'ani. Mke wangu aliusoma mstari huo kabla yangu, akaurudisha mkataba kwa adabu. Niliona haya kidogo, maana mimi ndiye ninayesomea.

Kutoka hapo tukatembea mpaka Biwi, kwa maseremala wanaopanga kazi zao kando ya barabara. Fundi mmoja alikuwa na kitanda cha rangi ya kahawia iliyoiva, akasema ni mlombwa. Mlombwa ndio mti ambao Tanzania huitwa mninga. Mbao yake haiogopi mchwa, na Dzaleka mchwa ni jirani wa kila mtu. Shangazi akatoa ufunguo kwenye pochi, akakwangua ndani ya mguu wa kitanda, mahali ambapo hakuna anayetazama. Ikatoka mbao nyeupe. Ilikuwa paini iliyopakwa rangi. Fundi akasema mlombwa ni ule ubao wa kichwani tu. Tulikumbuka Hadithi ya Mtume (s.a.w.) kupita sokoni, akaingiza mkono ndani ya chungu ya chakula na vidole vikatoka na unyevu, akamkemea mwenye kuuza. Kukagua bidhaa kwa ndani ni sunna iliyosahaulika, na sasa najua chombo chake ni ufunguo.

Tulirudi na nauli imekwisha na hatujanunua kitu. Nilitegemea mke wangu awe na huzuni. Kwenye minibasi alikuwa akichora nyuma ya karatasi ya mahubiri niliyokuwa nayo. Alikuwa anachora kitanda kisichopigwa misumari. Pembe zote nne zinashikwa kwa bolti na nati. "Ukifungua hizi," akasema, "kinakuwa mbao saba na mfuko wa chaga. Unaona uzito?"

Kuagiza kwa fundi

Tulimpata fundi humu humu Dzaleka, Mkongo, ambaye alitazama mchoro akasema amekwisha kutengeneza vya namna hiyo kwa watu waliokuwa wakingojea safari. Hapa pana mas'ala ya fiqhi ambayo wengi huyapita. Unaponunua kitu ambacho hakijatengenezwa, unanunua nini? Kwa Shafi, agizo la namna hii huingia katika mlango wa salam: sifa zijulikane, muda ujulikane, na bei yote ilipwe hapo hapo mlipokubaliana. Kwa Hanafi kuna mkataba maalumu wa kuagiza kazi, istisnaa, walioukubali kwa sababu watu wote wanauhitaji, nao hausharutishi malipo yote ya mwanzo. Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jeddah mwaka 1992 liliupitisha mkataba huo, likasema unawafunga pande zote mbili, maadamu aina ya kitu, sifa zake na muda wake vimebainishwa, na likaruhusu bei kuchelewa au kulipwa kwa mafungu.

Sisi tulichukua kauli hiyo ya pili, kwa sababu ya hali ya kwacha. Anayekumbuka Novemba 2023, Benki Kuu iliposhusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, anajua kwa nini fundi hataki kushika bei na kwa nini mnunuzi anataka ishikwe. Tuliandika: mihimili, miguu na kichwa ni mlombwa, chaga ni paini, futi tano kwa sita, bolti kumi na mbili, wiki tatu, kwacha 380,000, nusu sasa ya kununulia mbao, nusu siku ya kukichukua. Fundi akapiga sahihi, mimi nikapiga, na mke wangu akasisitiza apige naye, ingawa pesa ilikuwa yangu, nimeikusanya kwa kufundisha watoto na kwa kumsaidia baba mdogo dukani. Akasema mchoro ni wake.

Yaliyobaki tuliyamaliza kwa dakika kumi. Viti vya plastiki vilishinda, viwili. Mkeka ulishinda, tena ukawa miwili, wa pili wa mgeni. Sofa hakuna. Kuhusu kabati hatukuafikiana: mimi nasema lisubiri, yeye anasema hatasubiri kama mama yake. Ameamua kulinunua mwenyewe kwa mahari yake, kwa hiari yake. Nilitaka kukataa kwa aibu ya yale niliyoyasema uani, akaniambia tofauti ni kwamba mara ile niliamua mimi.

Tukaandika na hilo pia. Vijana wenzangu wanaona ni mkosi kuandika mali ya nani ni ipi wakati hina haijafutika mikononi. Lakini mume na mke wakija kugombania vyombo na hakuna mwenye ushahidi, wanazuoni wamehitilafiana sana: wapo wanaompa mke vinavyonasibiana na wanawake na mume vinavyonasibiana na wanaume, na kwa Shafi wote wawili huapa na kila kimoja hugawanywa nusu kwa nusu. Jaribu kumgawia mtu nusu ya kabati. Karatasi yetu imo ndani ya msahafu wangu.

Kitanda kilichukua wiki tano badala ya tatu, kwa sababu ya mbao. Tulikipitisha mlangoni vipande vipande, maana kizima kisingeingia. Mlango wetu haufiki sentimita themanini, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameupima. Mke wangu mwenyewe ndiye aliyekaza nati za mwisho, spana tumeazima kwa jirani anayetengeneza baiskeli.

Siku ya tatu mama mkwe alikuja kututazama. Alizunguka chumba, akagonga ubao wa kichwani, akakaa pembeni mwa kitanda kwa muda mrefu bila kusema kitu. Alipokuwa anaondoka akaniomba namba ya simu ya yule fundi.